Moyo ni mzima, basi maneno yatanitibu nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pongwe, nauza nguo za watoto soko la Mgandini. Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa narudi nyumbani kwa daladala, tumejazana, tulipokaribia Kange moyo ukaanza kwenda mbio, pumzi ikanibana, vidole vikafa ganzi, nikajua leo ndiyo nakufa. Nikamwambia konda anishushe. Tangu hapo imenirudia zaidi ya mara kumi. Nimepimwa moyo mara mbili, presha, sukari na damu, vyote vizuri. Wifi yangu anasema ni jini. Nimesomewa, nikapata nafuu wiki mbili, ikarudi. Sasa daktari kaniandikia nikaonane na mwanasaikolojia. Mimi si mwendawazimu. Na mtu asiyetoa hata panadol, maneno yake yatanitibu nini? Binti yangu anajifungua Dar mwezi wa kumi na mimi basi siwezi kupanda. Mume wangu naye anauliza kama anaruhusiwa kuja nami.

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza nijivue cheo kisicho changu: mimi si daktari. Tanga watu wakikukuta umekaa nyuma ya meza hospitalini hukupa udaktari hata kama hukuuomba, na nimechoka kukataa. Mimi ni mwanasaikolojia tiba. Siandiki dawa, sichomi sindano, na panadol, kweli, sina.

Kwa hiyo shaka yako ina haki yake. Tena nakuunga mkono: maneno peke yake hayatakutibu. Ukikutana na mwanasaikolojia ambaye kila wiki anakukalisha, anakuuliza umeamkaje, anakwambia jipe moyo, usiwaze sana, mtegemee Mungu, kisha mnaagana mpaka wiki ijayo, na miezi mitatu inakatika bado daladala hupandi, huyo amekuliwaza, hajakutibu. Kuliwazwa ni jambo jema, lakini hilo hata jirani yako wa Pongwe analiweza bila kulipwa. Tiba ninayoisema hapa ni kazi. Ina mpango, ina mazoezi, ina kipimo cha kuonyesha kama inakwenda au imekwama, na sehemu kubwa ya kazi hiyo utaifanya wewe, tena stendi, siyo ofisini kwangu.

Mfikirie mtu aliyevunjika mguu. Hogo limetolewa, mfupa umeunga, lakini bado anauburuta kwa sababu anauogopa. Mtaalamu wa viungo humwambia weka uzito hapa, piga hatua moja, sasa mbili. Maneno hayo hayaungi mfupa. Yanamrudisha mtu kwenye kutembea. Mimi kazi yangu ni ya aina hiyo, ila kwa hofu.

Kuhusu uwendawazimu. Najua kinachokutisha. Mkoa huu mtu akitajiwa mambo ya akili, fikra zinapanda mlima moja kwa moja mpaka Lutindi. Lutindi kule Korogwe ni pahala pa zamani: palianza 1896 kama makimbilio ya watoto waliookolewa utumwani, na kuanzia 1904 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Pana heshima yake, na wanaopahitaji wanapahitaji hasa. Wewe si wa huko. Mtu aliyepotewa na akili haulizi kama maneno yana ushahidi wa kutibu, wala hapigi hesabu ya mwezi wa kumi. Ulicho nacho ni ugonjwa wa hofu ya ghafla. Wazee wetu wa pwani wana neno zuri, wahka, ule mpapatiko wa moyo wa mtu anayengoja habari mbaya. Wako ni wahka uliokomaa, unaokuja bila habari yoyote kungojwa.

Na unachokipata mwilini si cha kubuni. Husemi uongo, wala "hujiendekezi" kama wengine watakavyokwambia. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwenye ugonjwa huu mbiu inalia kweli, kwa sauti yake yote, ila jambo ndilo halipo. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini kana kwamba umekutana na chui. Moyo unakwenda mbio ili upeleke damu kwenye misuli ya miguu, jasho linatoka, pumzi inaharakishwa. Ungekuwa unakimbia, vyote hivyo vingetumika. Lakini wewe umekaa kwenye daladala umebanwa na kapu la mtu. Unavuta hewa nyingi kuliko unayoitumia, hewa ukaa inapungua kwenye damu, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inabana kidogo. Hapo ndipo kinapozaliwa kizunguzungu, ganzi ya vidole na pembeni mwa midomo, na ile hali ya kuona watu kama wako mbali. Inatisha sana, lakini haiui. Kwa kawaida hupanda mpaka kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi zisizozidi kumi, kisha hushuka yenyewe.

Wengi huniambia "nitazimia". Kuzimia kwa kawaida hutaka presha ishuke. Hofu ya ghafla huipandisha. Ndiyo maana watu hukaa na ugonjwa huu miaka, kila siku wanahisi wataanguka, na ukiwauliza umeanguka mara ngapi, wanahesabu, wanafika sifuri. (Wapo wanaozimia wakiona damu au sindano, hao ni kundi lao, na wanafundishwa mbinu tofauti.) Wewe umeniandikia kwamba imekurudia zaidi ya mara kumi. Umeanguka mara ngapi, mama?

Sasa fundo lenyewe. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliandika maelezo ya ugonjwa huu ambayo mpaka leo tunayatumia. Alisema hofu ya ghafla ni duara. Moyo unaruka kidogo, labda kwa sababu ya joto, njaa, chai ya rangi nzito au ugomvi wa asubuhi. Mtu mwingine angepuuza. Wewe unasema "ndiyo hiyo, nakufa". Wazo hilo linatosha kumwaga adrenalini zaidi, moyo unaongeza mwendo, nawe unapata uthibitisho kwamba kweli unakufa. Duara linazunguka mpaka unamwita konda.

Na kumwita konda ndiko kulikoulea ugonjwa. Sikulaumu, ningekuwa mimi siku ile pale Kange ningeshuka pia. Lakini tazama mwili ulijifunza nini. Ulishuka, hofu ikashuka. Mwili ukaandika: kushuka ndiko kulikoniokoa. Haukupata nafasi ya kugundua kwamba hofu ingeshuka hata kama ungebaki kitini mpaka Pongwe. Kila unapoacha daladala ukapanda bodaboda, unaongeza mstari mwingine kwenye kitabu hicho hicho, na nauli ya bodaboda inakula faida ya nguo zako. Nina hakika, ingawa hukuandika, kwamba siku hizi hata shughulini unakaa karibu na mlango, na una chupa ya maji mkobani ambayo huthubutu kutoka bila hiyo.

Kwa hiyo tiba huanzia hapo. Nitakueleza inavyokwenda ili usiende kama mtu anayekwenda gizani.

Vikao viwili vya kwanza ni vya kuulizana na kuchora duara lako wewe, si la kwenye vitabu. Tunachukua tukio moja la karibuni na kulipitia dakika kwa dakika: kilianza nini, ukawaza nini, ukafanya nini. Utapewa daftari. Kila hofu ikija unaandika siku, mahali, ukali wake kwa alama za 0 hadi 100, na lile wazo baya kuliko yote lililopita kichwani. Alama hizo zilianzishwa na Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, mmoja wa waasisi wa tiba hii. Daftari linaonekana jambo dogo, lakini ndilo linalotenganisha "naona kama nina nafuu" na nafuu yenyewe.

Kikao cha tatu au cha nne huwa kinawashangaza watu. Nawaomba wavute pumzi haraka haraka kwa dakika moja, palepale kitini. (Usijaribu peke yako nyumbani, na kama una mimba, pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo lazima useme kwanza.) Ndani ya dakika hiyo vidole vinaanza ganzi, kichwa kinakuwa chepesi. Namkumbuka bwana mmoja, mtu wa makamo, mfanyakazi wa mkonge, nimechanganya habari zake na za wengine wawili ili asijulikane. Alisimama akanitazama kama nimemwibia. "Hiki ndicho?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, niambie wewe. Akasema, "Ndicho. Nimekiogopa miaka minne, na wewe umekitengeneza kwa pumzi tu." Alilia kidogo, akacheka, kisha akataka turudie. Tukarudia mara tano. Mara ya tano alama zake zilitoka 80 zikafika 25. Ningeweza kumhubiria mwaka mzima kwamba ganzi haiui na asingeniamini. Vidole vyake mwenyewe aliviamini.

Baada ya hapo tunatoka nje. Kuna kisa cha zamani ninachokipenda kuhusu jambo hili. Mwaka 1924, Marekani, mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimtibu mtoto wa karibu miaka mitatu aliyekuwa akiogopa sungura. Hakumwambia sungura haumi. Alimpa mtoto chakula anachokipenda, sungura akawekwa mbali, na siku baada ya siku akasogezwa, mpaka mtoto akawa anamshika mwenyewe. Karne imepita, tumejifunza mengi, lakini ngazi ile ya kusogeza kidogo kidogo bado ndiyo tunayoipanda.

Ngazi yako ninaiona tayari. Kukaa dakika kumi ndani ya daladala lililosimama stendi, halijajaa. Kisha kituo kimoja, asubuhi, kiti cha dirishani. Kisha vituo vitatu, kiti cha katikati. Kisha Kange, palepale. Kisha Pongwe, saa kumi na moja jioni wakati watu wamening'inia mlangoni, bila chupa ya maji. Halafu Muheza na kurudi. Halafu Korogwe. Mpaka hapo, basi la Dar la mwendo wa saa sita halitakuwa jambo geni, litakuwa refu tu. Kila ngazi inarudiwa mara kadhaa, na hupandi inayofuata kwa sababu mimi nimesema, bali kwa sababu daftari limesema.

Jambo moja hapa hata baadhi yetu wataalamu tunalikosea. Zamani tuliwafundisha watu wabaki mpaka hofu ishuke, kana kwamba kushuka ndiyo ushindi. Siku hizi msisitizo ni mwingine: kabla hujapanda, andika unachotabiri. "Nitaanguka." "Nitapiga kelele watu wanitazame." Ukishuka, andika kilichotokea. Ukipata hofu ya 70 njia nzima na hukuanguka, zoezi limefaulu sana, kwa sababu utabiri umekufa. Usijipime kwa kutulia. Jipime kwa utabiri uliokufa.

Umeuliza ushahidi bila kulitaja neno lenyewe. Ushahidi wa tiba haupatikani kwa mtu kusimama kusema "mimi nilipona". Hata aliyekunywa maji ya chumvi atasema alipona. Unachukua wagonjwa wengi, unawagawa kwa kura, si kwa kuchagua, nusu wapate hiki na nusu kile, kisha unawapima wote kwa kipimo kimoja na kuwapima tena baada ya miezi. Kwa hofu ya ghafla hilo limefanyika mara nyingi. Utafiti mmoja maarufu ulitoka Marekani mwaka 2000, wagonjwa 312, chini ya David Barlow. Ulilinganisha tiba ya aina hii, dawa ya imipramini, na vyote viwili pamoja. Wakati matibabu yakiendelea vyote vilisaidia, wala dawa haikuwa mbaya. Tofauti ilionekana baada ya kuacha: waliojifunza ile kazi bila dawa walidumu na nafuu zaidi kuliko waliotumia dawa. Dawa ukiiacha inabaki duka la dawa. Ulichojifunza hakikuachi.

Utaniambia hao ni Wazungu, sisi mambo yetu mengine. Ni kweli kwamba tafiti nyingi za ugonjwa wako zimefanywa huko. Lakini tiba za namna hii zimepimwa kwetu pia, kwa magonjwa ya jirani na lako. Zimbabwe wapo wanawake wazee, wengi wao bibi kabisa, waliofundishwa tiba ya kutatua matatizo na kuwekewa mabenchi nje ya zahanati. Kazi hiyo ilianzishwa Harare 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda. Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo ni lile lile tunalosema hapa "ana mawazo". Matokeo yalitangazwa 2016: watu 573, zahanati 24, zahanati zenyewe zikagawanywa kwa kura. Baada ya miezi sita, waliokaa kwenye mabenchi wenye dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, walikuwa kama 14 kati ya 100. Waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo walikuwa 50. Uganda nako, wilaya za Rakai na Masaka, tiba ya vikundi ya sonona ilipimwa vijijini na kutangazwa 2003, ikafaulu vizuri. Bibi kwenye benchi hana panadol.

Sasa la wifi yako. Sitamjibu kwamba hakuna jini, maana hiyo si fani yangu, na wala sitaki upokonywe kitu ukaachwa mikono mitupu. Kusomewa kulikupa nafuu wiki mbili na mimi nakuamini. Mtu aliyezungukwa na ndugu, aliyewekewa mkono kichwani, akatulizwa, pumzi yake inashuka, na pumzi ikishuka duara linakatika. Ila kusomewa hakukukufundisha kupanda daladala, ndiyo maana hofu ikarudi.

Swali gumu zaidi ni la dua. Waumini wengi, Waislamu kwa Wakristo, wananiuliza kama tiba yangu inawataka waache kusoma. Haiwataki. Nawaomba wajipeleleze tu. Dua ya safari unayoisoma kila unapopanda chombo, ungeisoma hata kama huna hofu, hiyo ni ibada, endelea nayo. Lakini ukijikuta unasoma aya ile ile mara arobaini kwa meno yaliyokazwa, unaogopa kwamba ukikosea neno moja utakufa, basi aya umeigeuza chupa ya maji. Shehe mmoja wa Ngamiani nilipomweleza hivi alicheka sana, akasema hata yeye asingependa Kurani itumike kama kamba ya kujifungia kwenye kiti. Hirizi ni hivyo hivyo. Kwenye ngazi za juu nitakuomba uiache nyumbani siku moja, uone nani alikuwa anakufikisha Pongwe.

Kuhusu vidonge, kama ulishapewa valiamu kwenye moja ya safari zako za hospitali, tafadhali mwambie mtaalamu utakayemwona. Inatuliza haraka, ndiyo hatari yake. Mwili unaizoea ndani ya wiki chache, na mtu anayemeza kabla ya kupanda daladala hajifunzi chochote, sifa zote zinakwenda kwa kidonge. Kama umeitumia muda mrefu usiikatishe ghafla, ipunguzwe na daktari. Zipo dawa nyingine zisizoleta uraibu wa aina hiyo, kama fluoxetine, na kwa mtu aliyelemewa mno hata hawezi kuanza mazoezi, zina nafasi yake. Hilo utazungumza na daktari wa magonjwa ya akili.

Ambaye si mimi. Watu hutuchanganya. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea saikolojia na kisha tiba yake. Muhimbili wana shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, na kazi yake ni hii niliyokueleza. Mshauri nasaha anaweza kuwa amesoma miaka mingi au semina ya siku tano, jina ni moja, kwa hiyo uliza. Afisa ustawi wa jamii ana kazi nyingine, na mara nyingi ndiye anayejua nani yuko wapi.

Anzia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie huduma za afya ya akili, uende na karatasi ya daktari wako na majibu ya vipimo vyote. Hatukufichi, wanasaikolojia tiba ni wachache nchini na wengi wamekwama Dar. Ukikosa wa karibu, vikao vya simu au video vinafaa kwa ugonjwa huu, mradi mazoezi ya stendi unayafanya kweli.

Ukishampata, muulize. Usimwonee haya, kwenye nguo unauliza bei na kuvuta uzi kabla hujanunua mzigo. Muulize: tatizo langu unaliitaje, na tutalifanyia nini? Akikujibu "tutazungumza tu", shukuru uondoke. Muulize vikao vingapi. Miongozo ya Uingereza kwa hofu ya ghafla hutaja jumla ya saa 7 hadi 14, ndani ya miezi minne. Anayekuahidi kikao kimoja anakudanganya, na anayekutaka mwaka wa pili bila mabadiliko anakula hela yako. Muulize atajuaje kama unapona. Na muulize kama siri zako zitabaki kwake. Ajibu ndiyo, kisha akutajie na pale ambapo hazitabaki, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini. Asiyetaja mpaka wowote hajalifikiri swali.

Nikiri jambo la upande wetu. Miaka ya nyuma, nikiwa kijana na vyeti vipya, kwenye kituo kimoja nilimshikilia mama mmoja miezi mitano nikimfundisha kupumua polepole kila hofu inapokuja. Alikuwa hodari wa kupumua. Daladala hakupanda. Nilikuwa nimempa chupa nyingine ya maji, na nimeitengeneza mwenyewe. Pumzi ya polepole si haramu, lakini ikiwa ni silaha ya kuizima hofu, inamwambia mwili kwamba hofu ni kitu cha kuzimwa.

Vipimo vyako vimefanyika, vizuri. Muulize daktari kama tezi ya shingo nayo ilipimwa, maana ikizidisha kazi huleta moyo kwenda mbio unaofanana na huu. Tazama pia unachokunywa: kahawa, chai nzito, vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye kopo, na mirungi kama inapita nyumbani. Na ubaki na akili ya kawaida. Maumivu ya kifua yanayokuja ukibeba mzigo au kupanda ngazi na kutulia ukipumzika, yanayosambaa mpaka taya au mkono, au kuzimia kweli, hayo si ya kuandika kwenye daftari. Ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama zipo siku unatamani kufa, si kuogopa kufa bali kutamani. Hukuandika hivyo, lakini nisipouliza nitakuwa sijafanya kazi yangu. Ikitokea, mwambie mtu wa nyumbani usiku huo huo, na mwende hospitali pamoja.

Mwezi wa kumi. Leo tuko mwezi wa sita, ukianza mwezi huu una wiki kumi na nne hivi. Zinatosha kwa wengi, ingawa sikuahidi, kuna watu huchukua muda zaidi, na kuna wiki hofu itarudi bila hodi hata baada ya kufika Korogwe salama. Ikirudi panda tena kesho yake, kituo kimoja tu kikibidi. Na huenda ukafika Dar na moyo ukienda mbio kuanzia Segera mpaka Chalinze. Umefika, mjukuu hatakuuliza alama.

Tangu leo anza daftari, hata kabla hujampata mtaalamu. Usipande chochote kipya, andika tu. Ukienda kikao cha kwanza na wiki mbili zilizoandikwa, umeokoa kikao kizima.

Na mumeo, aje. Kikao cha kwanza namkaribisha kabisa, maana na yeye ana duara lake: anakuona umepauka, anakushika mkono, anasimamisha chombo. Amefanya kwa mapenzi. Nitamweleza ngazi, na nitamwomba aache kukuuliza "unajisikiaje?" kila baada ya dakika tano. Ngazi za mwanzo anaweza kukaa nawe kwenye daladala lililosimama. Kuanzia kituo cha tatu akae kiti cha nyuma. Kange abaki nyumbani.